Ficha, Lakini Usidanganye

Hotuba kwa waandaaji wa filamu fupi za kutisha. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Waongozaji, wapiga picha, waigizaji, na ninyi vijana wa taa ambao majina yenu hupita upesi mno mwishoni mwa filamu, habari za asubuhi. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni.

Nianze na swali. Mtu anaogopa nini anapotazama filamu ya kutisha? Damu? Meno? Mlango unaojifungua usiku? Haya tunayajua sote, na tumeyatumia hadi yamechuja. Mtazamaji wa leo akiona msichana anatembea peke yake kwenye korido yenye giza, tayari ameshaziba masikio, maana anajua kelele inakuja. Inakuja kweli, anashtuka, anacheka, anaendelea kula bisi. Mtu huyo ameshtuka. Hajaogopa. Kushtuka kunaisha kabla hajameza mate, lakini hofu humfuata mpaka chumbani, azime taa, kisha aiwashe tena.

Leo nataka tukae na kazi moja tu. Ilirushwa na kituo cha CBS cha Marekani tarehe 11 Novemba 1960, katika mfululizo wa The Twilight Zone. Jina lake ni "Eye of the Beholder", yaani jicho la anayetazama. Mfululizo huo ulikuwa na hadithi mpya kila wiki, watu wapya, mwisho mpya. Zilitengenezwa episodi 156 kuanzia 1959 hadi 1964, na mwanzilishi wake, Rod Serling, aliandika 92 yeye mwenyewe. Hii yetu ni ya sita katika msimu wa pili, aliiandika yeye, na aliyeiongoza ni Douglas Heyes. Ina urefu wa dakika kama 25. Haina rangi. Karibu yote imepigwa ndani ya hospitali. Haina tone la damu, hakuna anayeuawa, hakuna anayefukuzwa na kisu. Na bado, zaidi ya miaka 60 baadaye, mtu akiitazama mara ya kwanza bila kusimuliwa, mwili unamsisimka.

Kwa wale ambao hawajaiona, mniwie radhi, itabidi niwasimulie mpaka mwisho. Hatuwezi kufungua saa tukaogopa kugusa chuma chake.

Kuna mwanamke anaitwa Janet Tyler. Amelazwa chumba namba 307. Kichwa chake chote kimezungushiwa bendeji, hatuoni jicho wala mdomo. Ameshatibiwa uso wake mara kumi na moja, na katika nchi hiyo kumi na moja ndiyo idadi ya mwisho inayoruhusiwa. Tiba hii ikishindikana, atapelekwa kuishi mahali walikotengwa watu wa aina yake. Usiku huo anamuuliza muuguzi kama siku ilikuwa nzuri, kama jua liliwaka. Anaomba dirisha lifunguliwe apate hewa. Anamsihi daktari. Daktari ni mpole, wauguzi ni wapole, sauti zao zina huruma. Ila sisi watazamaji hatuoni sura ya mtu yeyote. Tunaona migongo, mikono, vivuli, kofia za wauguzi. Bendeji zinafunguliwa, tabaka baada ya tabaka. Mwisho daktari anapaza sauti: hakuna mabadiliko! Tunatazama, na tunaona uso wa mwanamke mrembo. Kisha taa zinawashwa, na hapo ndipo tunawaona daktari na wauguzi: pua za nguruwe, midomo iliyopinda, macho yaliyodidimia. Wao ndio wa kawaida. Janet ndiye kituko.

Wangapi hapa wameshapiga shoti ishirini, yaani vipande ishirini vya picha visivyokatwa, mfululizo bila kuonyesha uso wa mwigizaji hata mmoja? Jaribuni. Mtaelewa kwa nini nawaita leo.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kazi ya Heyes ilikuwa kushona pazia hilo, alitundike mbele ya macho ya watu milioni, na wao wasijue kuna pazia. Alifanyaje?

Kwanza, alianza na sauti. Katika kutafuta waigizaji, Heyes aliketi akiwapa mgongo. Hakutaka kuwaona. Alitaka kusikia. Alikuwa anatafuta sauti zenye utu na upole, za watu ambao ungetaka wakuuguze ukiwa mgonjwa. Tafakarini hapo. Angechagua sauti za kukwaruza, za kizimwi, mtazamaji angeanza kunusa jambo dakika ya tatu. Kwa sababu sauti ni njema, akili yetu yenyewe inachora nyuso njema juu ya vile vivuli. Hakuna aliyetudanganya. Tumejichorea wenyewe.

Na hili ndilo ninalotaka mlibebe: ficha, lakini usidanganye. Ficha, lakini usidanganye. Chukueni muswada wa Serling mkague kila mstari. Muuguzi mmoja anamwambia mwenzake kwamba uso ule wa namba 307 ungekuwa wake, angejifukia kaburini. Sisi tunasikia tunafikiri: maskini, ameungua nini huyu mama? Rudia kutazama ukiwa unajua mwisho. Sentensi ni ile ile, na ni ya kweli kabisa. Muuguzi anamaanisha alichosema. Maana yake imegeuka, ukweli wake haujatikisika. Daktari naye, katika mazungumzo ya faragha, anauliza kwa nini watu wasiruhusiwe kuwa tofauti, na muuguzi anamtahadharisha kwamba hayo ni maneno ya uhaini. Nayo ni kweli mara zote mbili.

Sasa linganisheni na filamu zetu nyingi. Dakika ishirini tunaambiwa mke alikufa kwa ajali, halafu mwishoni tunaambiwa la, alikuwa hai, yule mlinzi alisema uongo bila sababu yoyote. Mtazamaji hapo haogopi, anakasirika. Anajiona ametapeliwa. Kabla hujapiga picha, chukua skripti yako na kalamu nyekundu. Pigia mstari kila sentensi inayohusu siri. Kando yake andika mambo mawili: mtazamaji anaelewa nini sasa, na ataelewa nini akishajua. Sentensi ikiwa kweli upande mmoja na uongo upande wa pili, na msemaji hana sababu yake mwenyewe ya kusema uongo, ifute. Hata kama ni tamu. Ifute.

Sawa. Tuingie kwenye taa, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia.

Mpiga picha wa The Twilight Zone alikuwa George T. Clemens, na alipata Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, kwa kazi hiyo. Katika episodi hii yeye na Heyes walikuwa na tatizo ambalo linaonekana dogo mpaka ulishike: wauguzi huvaa nyeupe. Kofia nyeupe, gauni jeupe, shuka nyeupe, bendeji nyeupe. Kitu cheupe hurudisha mwanga. Ukimulika shuka, shuka inammulika mtu usoni kutoka chini. Umezima taa zote za uso na bado uso unaonekana! Hilo litakupata hata wewe kwenye chumba chenye kuta za chokaa. Utaweka taa nyuma ya mwigizaji, utategemea kivuli cheusi, utapata mtu wa kijivu mwenye macho na pua.

Dawa yake ni kitambaa cheusi. Kaniki inatosha, na ni bei nafuu. Itundike upande ule kamera ilipo, pande zote mbili za lenzi, na nyingine itandike sakafuni nje ya fremu, pale ambapo kamera haioni. Inakunywa mwanga badala ya kuurudisha. Msogeze mwigizaji mbali na ukuta ulio mbele yake, angalau mita mbili kama chumba kinaruhusu. Na gauni la muuguzi si lazima liwe jeupe pepepe. Lichovye kwenye chai, likauke, kwenye picha bado litasomeka jeupe na halitameremeta.

Kuna njia tatu za kuficha uso kwa mwanga, na episodi hii inacheza nazo zote kwa zamu. Ya kwanza ni kivuli kamili: taa iko nyuma ya mtu, au nyuma yake kuna ukuta au pazia linalong'aa, na mbele yake hakuna kitu. Hapa wengi hukosea kwa kutia chumba giza. Usitie giza! Kamera ndogo na simu zikikosa mwanga hujaza picha chengachenga, na mweusi wako unakuwa uji. Fanya kinyume chake: washa kwa nguvu kilichoko nyuma, kisha ipimishe kamera mwanga wa kule nyuma. Uso utazama wenyewe. Na kama unapiga kwa simu, bonyeza kidole pale penye mwanga mkali ukishikilie mpaka simu ikuambie imefunga mwanga na fokasi, yaani umbali ambao picha inakuwa kali. Usipofunga, mwigizaji akipita katikati ya fremu simu itafikiri inamsaidia, itaongeza mwanga, na siri yako itatoka nje kwa nusu sekunde. Nusu sekunde inatosha kuua filamu nzima.

Njia ya pili ni mstari wa kivuli. Mwanga unampata mtu kuanzia kifuani kwenda chini, shingo na uso viko gizani. Hii ni tamu kuliko zote, kwa sababu mikono inaonekana inafanya kazi, sindano inaonekana, faili linaonekana, na mtazamaji anaridhika kwamba anaona. Chukua kadibodi uipake nyeusi, uiweke kati ya taa na mwigizaji. Ukiisogeza karibu na mwigizaji, ukingo wa kivuli unakuwa mkali kama wa kisu. Ukiisogeza karibu na taa, ukingo unakuwa laini. Kwa hospitali, laini ni bora, maana ukingo mkali unamwambia mtazamaji kuna mtu ameshika kadibodi. Hatari iko kwenye hatua. Mwigizaji akisogea mbele kidogo tu, kidevu kinaingia kwenye mwanga. Basi bandika utepe sakafuni, afanye mazoezi ya kusimama juu yake bila kutazama chini, na msaidizi mmoja kazi yake iwe hiyo tu: kutazama kidevu.

Njia ya tatu haihitaji taa, inahitaji kichwa. Weka kitu katikati. Mgongo wa mwenzake. Mlango uliofunguka nusu. Pazia la wodini. Kamera ishuke usawa wa kiuno, au ipande juu ikitazama vichwa kutoka darini.

Lakini sikilizeni. Ukitumia njia moja mara tatu mfululizo, mtazamaji anaanza kuuliza: mbona simwoni huyu daktari? Siku atakapouliza, umekwisha. Ndiyo maana Heyes hakai mahali pamoja. Mtu anageuka, kamera inaondoka naye, anaingia kivulini, anatoka akiwa ameshatupa mgongo. Kila mara kuna sababu ya kawaida: anachukua dawa, anatazama nje, ni usiku na wodi imezimwa taa, mgonjwa anahitaji kulala. Hospitali usiku ina giza lake la halali. Hadithi hii ingewekwa sokoni saa sita mchana isingewezekana. Kwa hiyo wewe unayeandika, ukishajua unaficha nini, mahali pa hadithi pachague kwa ajili ya kuficha. Kuna sehemu gani kwenu ambako watu hawaonani nyuso na hakuna anayeshangaa? Umeme ukikatika. Ndani ya chandarua. Jikoni penye moshi wa kuni mbichi. Mvua ya masika, kila mtu chini ya mwavuli. Hizo zote ni kaniki za bure.

Twende kwenye bendeji.

Janet amechezwa na wanawake wawili. Ndani ya bendeji ni Maxine Stuart. Baada ya bendeji ni Donna Douglas. Heyes alihitaji sauti na mwili wenye uchungu wa mtu aliyechoka kukataliwa, na upande wa pili alihitaji uso ambao ukiuona huwezi kubisha. Mpango ulikuwa sauti ya Stuart ibandikwe juu ya mdomo wa Douglas. Haikuhitajika. Douglas alikuwa amekaa kumsikiliza mwenzake akifanya kazi, akaiga sauti ile kwa ufasaha mpaka yale maneno machache ya mwisho akayasema mwenyewe. Waigizaji wangapi kati yetu wanakuja kutazama siku ambayo si zamu yao? Nauliza tu. Na Maxine Stuart, ambaye amebeba robo tatu ya hadithi bila nyusi, bila mdomo, bila jicho, tazameni anafanya nini: mabega, vidole, namna anavyogeuza kichwa kuifuata sauti ya daktari akikosea kidogo upande, kama afanyavyo mtu asiyeona. Ukimwambia mwigizaji wako "huzunika" naye hana uso, atabaki na nini? Mpe kazi ya mikono.

Kwa vitendo: kichwa cha mtu mzima kinahitaji bendeji tatu au nne za upana wa sentimita 10. Usimfunge moja kwa moja. Mvalishe kwanza kofia nyembamba ya kitambaa au soksi ya nailoni iliyokatwa usoni, kisha shona mizunguko ya kwanza juu ya kofia hiyo, ili ivuliwe na kuvaliwa kama kofia bila kubadilika mpangilio. Ipige picha pande nne, maana kesho mkikosea mkunjo mmoja mhariri atawalaani. Acha nafasi ya pua kwa chini, ambako kamera haioni. Mdomoni weka tabaka moja tu. Usikaze shingoni hata kidogo. Mtoe kila baada ya dakika ishirini, na wakati wote awepo mtu wa kumshika mkono, kwa sababu haoni na nyaya zimejaa sakafuni. Sauti ikipita kwenye kitambaa huwa butu. Rekodi maneno yake tena pembeni, kwenye chumba chenye magodoro, maikrofoni ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, siku hiyo hiyo wakati uchungu ungali kooni.

Bendeji ya sini, yaani onyesho, ya kufunguliwa ni nyingine. Hiyo izungushwe kwa kulegea, upande mmoja tu, bila fundo, bila pini, na mfunguaji ajizoeshe mara kumi. Ikikwama katikati ya shoti, mtazamaji anaanza kufikiria bendeji. Episodi hii inatuingiza hata ndani ya bendeji: tunakuwa Janet, tunaona mwanga ukiongezeka tabaka likipungua. Ukitaka kuifanya, chukua bakuli la kioo, liweke mbele ya lenzi, lizungushie bendeji na uelekeze taa kwenye bakuli. Funga fokasi mbali, nyuma ya kitambaa. Usipoifunga, kamera itang'ang'ania nyuzi za kitambaa, na utapata picha nzuri sana ya nyuzi.

Na sasa kufunua. Angalieni mpangilio, kwa maana hapa ndipo wanafunzi wengi wa episodi hii wameiba kitu kisicho sahihi. Wameiba pua za nguruwe. Wangeiba mpangilio.

Kuna kufunua mara mbili. Kwanza tunasikia hukumu: hakuna mabadiliko. Pili tunaona uso wa Janet. Hapo akili inakwama. Mrembo? Kwa nini wanahuzunika? Kuna nafasi ndogo, pumzi moja au mbili, ambamo mtazamaji ana swali na hana jibu. Ndani ya pumzi hiyo ndimo hofu inamozaliwa. Ndipo taa zinawaka, na jibu linakuja na nyuso zao. Geuza mpangilio huo, onyesha wale wenye pua za nguruwe kwanza na mrembo baadaye, unapata nini? Hadithi ya msichana aliyetekwa na mazimwi. Ya kawaida kabisa. Vitu ni vile vile, lakini vikibadilishwa zamu, vinageuka hadithi nyingine.

Mekapu ilikuwa ya William Tuttle, mkuu wa idara ya mekapu ya studio za MGM, mtu ambaye baadaye alipewa Oscar ya heshima kwa kazi yake ya filamu ya 1964. Alitumia vipande vya mpira wa sponji vinavyobandikwa usoni. Ninachowaomba mtazame ni kwamba nyuso hizo zina ukoo. Zote zinafanana kama watu wa nchi moja wanavyofanana, na kila moja ina mtu wake. Daktari bado ni daktari yule mwenye huruma. Zingekuwa nyuso tano za aina tano, tungedhani ni wagonjwa. Kwa kuwa wanafanana, tunaelewa kwa mshtuko mmoja kwamba nchi nzima iko hivyo. Mkitengeneza zenu, tengenezeni kalibu moja, kisha mbadilishe kidogo kidogo: huyu nyusi, yule shavu. Pakeni gundi ya ngozi, kingo zipunguzwe mpaka ziwe nyembamba kama karatasi ya sigara, maana ukingo mnene huonekana hata kwenye picha isiyo na rangi. Jaribuni gundi mkononi mwa mwigizaji siku moja kabla; kuna ngozi zinazovimba. Katika joto letu jasho litainua ukingo wa pua kwanza. Basi pigeni sini hizo alfajiri, na shoti za karibu ziwe za mwanzo.

Niseme neno moja kuhusu episodi nyingine ya mwongozaji huyu huyu, kwa sababu ni kama upande wa pili wa kanga. Tarehe 27 Januari 1961 ilirushwa "The Invaders", iliyoandikwa na Richard Matheson. Hapa kuna mwanamke mzee kwenye nyumba ya shamba, amechezwa na Agnes Moorehead, anavamiwa na viumbe vidogo vilivyoshuka darini mwake na chombo cha angani. Yeye hasemi neno. Uso wake tunauona mwanzo mpaka mwisho, sauti yake ni kuguna na kulia tu. Ile ya kwanza ilikuwa sauti bila nyuso; hii ni uso bila maneno. Na siri? Mwishoni tunasikia sauti ya kiumbe kimoja kikiwaonya wenzake kwa Kiingereza, na tunaona maandishi ya jeshi la anga la Marekani ubavuni mwa chombo. Wavamizi ni sisi. Yeye ndiye jitu. Aliyesema maneno hayo ni Heyes mwenyewe, na chombo kiliazimwa kutoka filamu ya MGM ya 1956. Azimeni, ndugu zangu. Nitasema ukweli pia: vile vidude vinavyotembea sakafuni vinaonekana vidude. Uso wa Moorehead ndio unaoviokoa. Mwigizaji akiogopa kwa dhati, hata mdoli unapata uhai. Asipoogopa, dubwana la milioni kumi litabaki mpira.

Sasa, kwa nini Serling aliandika hofu? Hakuanza huko. Alikuwa mwandishi wa tamthilia za runinga za maisha ya kawaida. Mwaka 1955 kijana Mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili Mississippi, na waliomuua wakaachiwa na mahakama. Serling alitaka kuandika tamthilia kutokana na tukio hilo. Ilipofika hewani mwaka 1956, kwa jina la "Noon on Doomsday", wafadhili na wakubwa walikuwa wameshaikwangua: mji ukahamishiwa mbali na majimbo ya Kusini mwa Marekani, marehemu akawa mgeni asiye na kabila. Mwaka 1958 akajaribu tena kwa tamthilia nyingine, safari hii aliyeuawa akageuzwa Mmeksiko, na hadithi ikarudishwa nyuma miaka ya 1870. Mwaka uliofuata akaanzisha The Twilight Zone. Alichokatazwa kukisema kwa mdomo wa seneta, akakisema kwa mdomo wa kiumbe kutoka sayari nyingine.

Kuna mtu sijamtaja bado: Kiongozi wa nchi ya Janet, anayehutubia kwenye runinga za hospitali ile. Anahubiri kwamba taifa lazima liwe na sura moja, kaida moja. Janet anapokimbia kwenye korido, kelele za Kiongozi zinamfuata kwenye kila skrini, na sasa tunauona uso wake. Je, mnadhani mtazamaji Mweusi wa Alabama, jimbo la Kusini lenye ubaguzi wa rangi, mwaka 1960, aliposikia kwamba asiyefanana atapelekwa kuishi na "wa aina yake", alihitaji kufafanuliwa?

Na hapa nina lawama yangu kwa episodi hii ninayoipenda. Mshindo wake wote unategemea tukubaliane kwamba Donna Douglas ni mrembo bila ubishi: Mzungu, kijana, nywele za dhahabu. Hadithi inatuambia uzuri uko kwenye jicho la anayetazama, lakini kamera inatukabidhi jicho moja tu, la Marekani ya miaka hiyo. Sisi tunao usemi wetu, ukipenda chongo utaita kengeza, na usemi huo unafika mbali zaidi, kwa sababu haudai kwamba chini ya bendeji lazima kuwe na malkia wa urembo. Fikirieni Janet aliyefunguliwa akaonekana mtu wa kawaida tu, mwenye kovu la ndui. Ingekuwa ngumu zaidi. Ningependa kumwona mmoja wenu akiijaribu.

Mwisho wa hadithi Janet hauawi. Anakuja mwanaume wa aina yake, Walter Smith, kumchukua. Janet anamwogopa! Maana naye amefunzwa na nchi ile, anaona sura ya Smith ni ya kutisha. Smith anamtuliza, anampa mkono, wanaondoka taratibu kwenye korido ile ile aliyoikimbia. Hakuna muziki wa ushindi. Janet hajaponywa kitu. Bado anaamini ni mbaya.

Tutaitazama sasa hivi, mara mbili. Mara ya kwanza bila sauti, na kila mmoja ahesabu kwenye karatasi ni mara ngapi uso unafichwa kwa taa, mara ngapi kwa kadibodi, mara ngapi kwa mgongo. Mara ya pili nitafunika skrini, mtasikia tu. Mlioko dirishani, naomba mshushe mapazia. Kijana wa taa, zima ile ya nyuma kwanza.